Nani Mwingine Anakohoa?

Jumatatu, 3 Juni 2024
Kikohozi cha mwanangu bado. Dawa ya chupa imekwisha, asali na ndimu pia — bure! Jabez ameamka amelowa jasho hadi godoroni. Mwaka mmoja na nusu, na nikimbeba siuhisi uzito wake. Bi Raihana, jirani anayekaa naye nikiwa shuleni, anasema ni baridi ya kusi tu. Pate nzima inakohoa, asema. Hata yeye.

Jumatano, 5 Juni
Kliniki. Daktari Khatib alimkalisha pajani pangu, akamvua fulana, akatazama tu kifua kinavyopanda na kushuka. Kisha akamsikiliza mgongoni. Si nimonia, akasema. Nikamshukuru Mungu — mapema mno! Alipompima uzito, amepungua tangu Pasaka.

“Nyumbani nani mwingine anakohoa, Mwalimu Wairimu?”

Hakuna. Mimi mzima, Baba Jabez yuko Meru.

“Na mchana mtoto anashinda na nani?”

Nikamtaja Bi Raihana. Nilijiona msaliti.

Anashuku TB. Choo cha Jabez kinapelekwa hospitali ya Amu kupimwa. Bi Raihana aje atoe makohozi, na kwa sasa mtoto asishinde naye. Si lawama, alisema, huenda Bi pia anahitaji dawa. Rahisi kusema!

Alhamisi, 6 Juni
Nimeomba ruhusa shuleni. Bi Raihana nimemwambia napumzika na mtoto, basi. Akatuletea samaki wa nazi. Nilifika mji huu mjamzito, simjui mtu. Ndiye aliyemwogesha Jabez mara ya kwanza, mimi nikiogopa hata kumshika.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwambia. Alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama.

“Wewe wanambia nimemuua mwana?”

Hapana, Bi! Nikalia mimi. Yeye hakulia. Marehemu mumewe alikuwa na kifua, akasema. Watu wakamtengea kikombe cha peke yake, hata ndugu zake wa tumbo moja. Yeye kliniki haendi. Akarudi kwenye mchele wake.

Jumatatu, 10 Juni
Daktari kapiga simu. Ni TB. Dawa tunaanza kesho. Mtoto atapona, amesisitiza. Nimelia hata hivyo.

Alasiri Bi Raihana akabisha. “Majibu yameya?”

Yamekuja, Bi. Nikamwambia yote, yeye nje, mimi ndani. Nikamsihi kesho twende sote watatu, nitamshika mkono mbele ya mji mzima. Akaomba amwone mtoto tu, kwa mbali.

Nikafungua dirisha. Jabez akanyoosha mikono yote miwili. Bi Raihana akajiziba mdomo kwa ushungi, akarudi nyuma.

Hajaondoka. Amekaa barazani kwangu, kanipa mgongo. Sijui anaingoja kesho au anatuaga. Jabez kang'ang'ania nondo za dirisha, anaita: Bi! Bi! Namwona mabega yanamtikisika — anajizuia asikohoe —