Siku Ulipomtunza Mpiga Fidla London

Mama yangu kipenzi,

Leo nimeamka hapa Nizwa, Oman, na moyo mwepesi, nikasema nikuandikie, ingawa hakuna posta inayofika huko uliko. Kuna jambo moja hatukupata kulizungumza mpaka ukaenda zako, nalo ni ile Jumapili ya London.

Unakumbuka ulivyokuja kunitazama mwaka wangu wa pili wa masomo, miaka ile ya tisini? Wiki mbili tuliuzunguka mji mpaka viatu vyako vikaomba radhi. Uliwatazama askari wa kasri la malkia na makofia yao ya manyoya, ukasema, "Maskini, hawa waletwe kwetu Ibra, kwenye joto la mwezi wa saba. Wallahi hata adhuhuri hawafiki." Bustanini ulimsikiliza bwana mmoja aliyepanda juu ya kasha akiwahutubia wapita njia. Hukufahamu hata neno, lakini ulimwitikia "Naam, naam" mpaka akakushukuru. Nilicheka, huku natupa jicho pembeni kuona nani anatutazama. Ndivyo nilivyokuwa, mama. Nilikuwa na miaka ishirini na kila kitu kikinitia haya.

Jumapili ile nikakupeleka kwenye ukumbi wa muziki, onyesho la mchana. Mwalimu wangu na wanafunzi wenzangu walikaa safu ya mbele yetu, nami nikasema moyoni nitakutambulisha kwao baadaye, wakati wa chai. Akatoka mzee mmoja na fidla yake, akapiga peke yake, na ukumbi mzima ukanyamaza, hata kukohoa hakuna. Nikakusikia unavuta pumzi. Kisha ukainuka.

Nilijua unakwenda kufanya nini. Kwenye taarab za Unguja za usichana wako, muziki ukikugusa unakwenda mbele kumtunza mpigaji kwa fedha, na kubaki umekaa ndiko kukosa adabu. Basi ukashuka ule ujia katikati ya viti, abaya yako inaburuzika juu ya zulia, noti mkononi, bega linacheza kidogo, ukaiweka noti karibu na viatu vya yule mzee. Yeye hakuacha kupiga. Mtu wa mlangoni akaja mbio, akakushika kiwiko, akawageukia watu na kuuliza bibi huyu yuko na nani.

Nikainamia karatasi ya ratiba. Sikujibu, mama.

Ulipita karibu na kiti changu bila kunigeuzia uso, ukatoka. Nilipokukuta nje baadaye ulisema tu, "Fidla ile, mwanangu! Twende tukatafute chai." Hukulitaja tena. Miaka yote nikaamini kwamba ulinipita kwa uchungu, na kila Ijumaa nilipokuja Ibra nilikaa mbele yako, nikazungumza mengine.

Siku ya tatu ya matanga yako, mdogo wako, Mamdogo Salma, aliniona nimejitenga, akaja kukaa nami. Nikamwambia yote. Akaangua kicheko mbele ya watu waliokuja kutupa pole.

"Ya binti, kwani hujui? Aliporudi alitusimulia soko zima la wanawake, lile letu la Jumatano, tukafa kwa kucheka! Akasema, 'Nikamwona mwanangu kainamisha kichwa. Nikajiambia, we Zuwena, pita, usimtazame. Ukimtazama tu, watajua.'"

Nililia palepale, mama, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Kumbe ulikuwa unanificha. Umeshikwa kiwiko mbele ya umati wa wageni, na bado ulichowaza ni mimi nisiaibike.

Juzi nikampigia simu mmoja wa wale wenzangu, ambaye bado yuko London. Nikamwambia kwamba yule bibi wa fidla alikuwa mama yangu, na mimi nilimkana. Akaniambia kuwa walijua wote siku ileile, hata mwalimu, na hawakuuliza kwa kuwa walipogeuka waliona nilivyoona haya.

"Mngejifichaje?" akasema. "Uso wenu mmoja, hata mwendo wenu mmoja."

Sijapata kusifiwa hivyo maisha yangu yote.

Mungu akulaze pema, mama, na akupe huko muziki wa kukuinua kitini.

Binti yako, mwenye uso wako