Mtumishi Wako Mtiifu

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Mstarini, usafi, kisha Historia vipindi viwili. Kidato cha tano bado tuko kwenye vita vya uhuru vya Marekani. Mwalimu Simkonda ametusomea barua za karne ya kumi na nane. Katibu wa posta kule London akiandikiana na wanasiasa wa Marekani waliotaka kujitenga na mfalme wake. Mmoja wao, mzee, aliwahi kusimamia posta ya makoloni. Yeye na katibu walikuwa marafiki. Ugomvi ukaja, barua zikaendelea.

Wengine walisinzia. Mimi sikusinzia.

Ijumaa ya wiki ijayo kuna mdahalo, kwa Kiswahili: "Mzee yule aliwasaliti Wamarekani wenzake." Atakayezungumza vizuri kuliko wote ataiwakilisha shule Mbeya. Mtu mmoja tu. Mbeya kuna maktaba ya mkoa. Nataka kwenda. Naweza, ila sijawahi kusimama mbele za watu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimejiandikisha upinzani.

Kastori ndiye kiongozi wa upande wa pili. Ana sauti ya mpiga debe wa stendi. "Bibi Maktaba, siku hiyo tutakusikia, au tukuazimie spika ya kanisani?" Darasa likacheka. Yeye hajazisoma barua zote. Mimi nimezisoma, na nimerudia. Nitamshinda.

Ijumaa, 5 Septemba

Mambo yameharibika. Kastori ametafsiri maneno ambayo mzee alimalizia barua yake, akayaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MIMI, MTUMISHI WAKO MTIIFU NA MNYENYEKEVU SANA. Anamwambia hivyo katibu wa posta, ofisa wa mfalme. Sasa kila anayepita ubaoni anapiga goti na kusema, "Shikamoo bwana mkubwa."

Nimefungua kamusi. Tafsiri ni sahihi, neno kwa neno. Nimemkasirikia mzee mwenyewe. Nani alimlazimisha?

Jumapili, 7 Septemba

Tumetoka kanisani, mama akaniita nimwandikie mjomba barua. Anapenda mwandiko wangu. Mjomba anaishi Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, mtu anakwenda kwa miguu. Lakini hakuja kwenye msiba wa babu, na tangu hapo mama hakanyagi kwake. Leo alikuwa na maneno ya kumpa, makali.

"Anza na salamu," akasema. "Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu."

"Mama, si yuko hapo Nakonde? Na ulisema hutaki hata kumwona."

"Kugombana ni kugombana. Barua ni barua. Unataka aseme sikufunzwa?"

Nikaandika. Halafu kalamu ikasimama. Mama akadhani wino umekwisha.

Jumanne, 9 Septemba

Kastori ameuliza kama nitajitoa. Nimesema hapana. Sauti ilitoka ndogo, ila ilitoka. Niko tayari.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimezungumza.

Kastori alitangulia, akapigiwa makofi mengi. Mimi niliposimama nilishika meza. Nikauliza: nani hapa hajawahi kuandika "hofu na mashaka ni kwako"? Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikamgeukia Kastori. Alipomwandikia dada yake wa Nanyala mwezi uliopita, alikuwa na hofu gani?

Akafikiri. "Nilikuwa nataka viatu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na yeye pia. Baada ya hapo sikuhitaji meza.

Nilisema hofu ile si hofu, na utumishi ule si utumishi. Ni hodi. Mtu hupiga hodi hata kwenye nyumba anayokwenda kugombana. Msaliti hatafutwi kwenye hodi, anatafutwa katikati ya barua, na katikati mzee hampi mfalme haki. Kisha vita vilipokwisha, meli za barua zilitakiwa kuanza tena safari. Nani waliandikiana kuzipanga? Hao hao wawili, mzee na katibu. Mlango ulikuwa haujafungwa.

Mwalimu Simkonda amesema nitakwenda Mbeya. Amesema hivyo mbele ya wote. Nilijua nimestahili.

Kastori alinisubiri mlangoni. "Bibi Maktaba, mimi mtumishi wako mtiifu."

Nikamwambia hofu na mashaka ni kwake.

Jumapili, 14 Septemba

Jibu la mjomba limefika, limeletwa na mama mmoja muuza vitenge. Nimemsomea mama uani, akichagua maharage.

"Dada yangu mpendwa, salamu nyingi. Mimi na watoto hatujambo, hofu na mashaka ni kwako." Kisha mjomba anaanza kujitetea kuhusu msiba, naye ana makali yake.

Mama akainua mkono. "Hayo yasubiri. Rudia mwanzo."

Nikarudia. Aliendelea kuchagua maharage, polepole. Nilipomaliza akasema nirudie tena.