Usizirudishe Herufi Ndogo

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Fundi bomba akija, mfungulie.

~~Kompyuta yangu irudishe ilivyokuwa.~~ Hapana, iache hivyohivyo.

Asubuhi nilikufokea mbele ya mchumba wako, eti huo mfumo mwepesi wa Linux ulioniwekea kwenye kompyuta umemeza vitufe vyote vya kwenye kioo. Ulipojifungia chumbani, nikasogeza mshale hadi chini kabisa ya kioo, safu ya vitufe ikachomoza yenyewe. Kumbe uliificha makusudi ili ukurasa upate nafasi, maana herufi umezikuza. Uligundua macho yangu yamechoka, ukanisitiri kimya kimya. Mimi nikakuaibisha kwa sauti ya kusikika barabarani. Naona haya hata kugonga mlango wako.

Niwie radhi, karatasi imejaa upesi. Herufi ndogo hata kuziandika siziwezi tena.

Baba