Nikipona Shingo, Mama Hatakuja Tena

Shangazi Siwema, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua hii, maana jambo langu hata mimi nikilisema kwa sauti naliona la ajabu, ndiyo sababu nimeamua kuliandika.

Mimi ni mke wa mtu, nyumba yetu ipo hapa Ifakara, ila mpunga ukianza kutoa masuke mimi na mume wangu Damiani tunahamia ng'ambo ya mto, mbugani, tunakaa kwenye kibanda cha matete mpaka tumalize kuvuna, na mimi mchana kutwa nipo juu ya dungu naamia ndege. Huenda wasomaji wako wa mjini hawalijui dungu, ni jukwaa la miti lililoezekwa nyasi, na kutoka pale juu kamba zinakwenda kila upande wa shamba hadi kwenye nguzo zilizofungwa makopo, ukizivuta, makopo yanalia na ndege wanaruka. Wenzangu wote wanavuta kwa mkono. Mimi navuta kwa kichwa.

Alinifundisha marehemu mama yangu, Eufrasia. Mama alikuwa msukaji wa mikeka na hakupenda mikono yake ikae bure kwa ajili ya ndege, mguu nao unashikilia ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, usikunjamane, kwa hiyo alikuwa anajifunga kitambaa kichwani, nyuma ya kitambaa anafunga ile kamba kuu inayokusanya kamba zote, ndege wakitua anatikisa kichwa mbele mara moja na shamba zima linalia, na mikono inaendelea kusuka. Watu walikuwa wanapita njia wanasimama kumtazama. Nami tangu nimeolewa nafanya hivyohivyo, nikishuka dunguni jioni nina mpunga salama na ukili mrefu, na najisikia mtoto wa mama yangu.

Sasa Shangazi, kichwa. Kinaanzia chini ya kisogo, kinapanda upande wa kulia, kinazunguka sikio na kuja kukaa nyuma ya jicho, na shingo inakaza hivi kwamba mtu akiniita nageuka na mwili mzima. Mama naye alikuwa nacho. Kila karibu na mavuno tulimkuta amelala ameelekea ukutani na sisi watoto tuliambiwa tutembee polepole, mama ana kichwa chake. Tulisema hivyo, kichwa chake, tukaona ni sehemu ya mwaka, ndege wanakuja, mama anaumwa, mpunga unavunwa.

Mama alifariki masika ya mwaka jana. Mwaka huu kichwa kiliponikamata mara ya kwanza nilishuka dunguni nikajilaza kibandani, mwanga wa mbuga ulikuwa unapenya kwenye matete, mng'ao wa maji ya nje unachezacheza kwenye dari, silali wala siko macho, na hapo mama akaja. Alikuja akikata katikati ya mpunga na hakuna suke lililoinama, kanga imelowa pindo, ananukia ukindu mbichi wa kusukia. Akapiga magoti, akanifungua kitambaa cha kichwa, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Akaniuliza, "Ukindu umeuloweka?" Nikasema, "Nimeloweka, mama." Akakaa. Basi. Na amekuja hivyo kila ninapoumwa, kila mara anaanza kwa kunifungua kitambaa, kisha anakaa, mara nyingine anasema maji yameanza kurudi mtoni, na nje ni kweupe, mbuga nzima inaelea na milima kule mbali inaelea, na mimi sitaki chochote duniani. Nikuambie ukweli, mama alipokuwa hai hakuwahi kunishika hivyo. Alikuwa mtu wa kazi. Mikono yake niliiona ikisuka tu.

Damiani alihangaika. Alisikia kwamba Mang'ula yupo mama mmoja mgeni, mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, watu wanamwita Sista Natalia ingawa si mtawa, akanipandisha treni. Yule mama alinikalisha, akanipapasa shingo kwa vidole, alipogusa sehemu moja chini ya kisogo maumivu yakaruka mpaka kwenye jicho, nikashtuka, akasema, "Hapa ndipo kichwa chako kinapozaliwa." Akaninyoosha taratibu, shingo ikalia ndani kama bua linalovunjwa, nikaona dunia imekuwa nyepesi. Akaniuliza, "Kazi gani unafanya kwa kichwa, mama?" Nikasema nabeba maji, nabeba kuni, kama wanawake wote. Kamba sikuitaja. Sijui kwa nini, niliona ni kumtaja mama vibaya mbele ya mgeni. Akanikataza kubeba kichwani, akanifundisha mazoezi, nikarudi, na kamba nikawa naivuta kwa mkono kama wenzangu.

Nilipona, Shangazi. Damiani alifurahi mpaka akanibebea maji yeye mwenyewe, watu wakamcheka. Lakini kila mchana nikijilaza kibandani nikingoja, mwanga ulikuwa ule ule, maji yale yale kwenye dari, na mama hakuja. Nikavumilia, nikashindwa. Nikajifunga tena kamba, nikaitikisa hata pasipo ndege, natikisa shamba tupu mpaka majirani wananiuliza kuna nini, natikisa mpaka nikasikia kichwa kinaanza kupanda nyuma ya sikio, nikashuka nikalala, na mama akaja. Nililia kwa furaha.

Sasa mkono wa kulia unakufa ganzi. Sindano ya kushonea mkeka inanidondoka na sijui imedondoka. Juzi niliangusha sufuria ya uji, na Damiani akasema, "Yule mama wa Mang'ula katudanganya, dawa yake haina kukaa." Anatangaza hivyo mpaka kivukoni, na watu waliokuwa wanajiandaa kwenda kwake wameahirisha. Tena amepata habari za bwana mmoja gulioni anayekunyonga shingo kwa taulo mara moja ukapona, anataka kunipeleka huko. Sista Natalia naye mavuno yakiisha anarudi kwao. Shangazi, niseme au ninyamaze? Na nikipona kabisa, mama nitampatia wapi?

Mimi Agnella, Ifakara.


SHANGAZI SIWEMA ANAJIBU

Marahaba, Agnella. Sijacheka. Barua yako nimeisoma, nikairudia nimejishika shingo yangu mwenyewe, maana mimi ni mtoto wa Sanje, jirani na Mang'ula, dungu nalifahamu, na kwenye dungu nimekaa sana nikiwa msichana. Ila kufungwa kichwani kamba ya shamba zima, hilo hata nyumbani kwetu, kwenye wanawake wabishi, sikulikuta.

Tuanze na mkono, kwa sababu mama yako hana haraka lakini mkono wako unayo. Ganzi ya mkono pamoja na shingo si jambo la kusimulia ukweni halafu ukaenda kulala. Ukishasoma hapa, vaa viatu uende hospitali, si wiki ijayo, na umweleze daktari yote: kichwa, ganzi, sindano inayodondoka. Akupime nguvu za mkono, na akiona inafaa akupige picha ya shingo. Kabla daktari hajasema, asikunyooshe mtu yeyote, hata Sista Natalia. Na yule bwana wa taulo, Agnella, shingo yako si kuku. Mwambie Damiani kwamba Shangazi amesema akikupeleka gulioni kunyongwa, aje kwanza anieleze atakula ugali wa nani.

Sasa nikugombeze, umeuliza mwenyewe kama useme au unyamaze. Mwanamke wa watu ametoka mbali, amekuuliza swali la maana, unafanya kazi gani kwa kichwa, wewe ukamjibu maji na kuni. Akakutibia kwa jibu hilo. Halafu umekwenda nyumbani ukaharibu kazi ya mikono yake kwa makusudi, ukitikisa makopo pasipo ndege, na umekaa kimya ukisikia mumeo anamwita mwongo kivukoni. Wale walioahirisha safari, mmoja wao usiku huu anaumwa kichwa kwa sababu yako. Hilo limeniuma kuliko kamba.

Kwa hiyo unakwenda Mang'ula kabla hajaondoka. Unakwenda na Damiani, na unakwenda na hiyo kamba pamoja na kitambaa chake, unaviweka mezani kwake na kumwonyesha jinsi unavyotikisa, polepole, bila kuvuta. Damiani atamwomba radhi, na akirudi atapita kivukoni palepale alipomtangaza kumtangaza upya. Kuhusu kumtaja mama yako vibaya, ondoa wasiwasi. Mwanamke aliyebuni namna ya kuamia ndege na kusuka mkeka kwa wakati mmoja hadharauliki na mtu. Alikuwa na akili, ila shingo haikuumbwa kuvuta shamba. Yeye hakujua. Alikuwa anaumwa kila mavuno, amelala ameelekea ukutani, na hapakuwa na mtu wa kumgusa kisogo na kumwambia kichwa chako kinazaliwa hapa. Wewe umeambiwa.

Na sasa mama yako. Hapo sauti yangu inashuka.

Sitakuambia ni maruweruwe ya maumivu, ingawa mtu mwenye kichwa kikali huona mengi, na daktari anaweza kukueleza hivyo. Mimi sikuwepo kibandani. Nimefiwa na mama mimi pia, najua mtu anavyoweza kukaa mchana mzima akitazama mlango. Nasema tu ulichokiandika kwa mkono wako, ukakipita bila kukitazama. Umesema akija, kila mara anaanza na jambo moja. Hakuulizi habari, hakugusi paji la uso, mpaka kwanza amekufungua kitambaa.

Kitambaa gani hicho, Agnella? Ni kile kile kinachofungwa kamba.

Wewe umedhani anakuja kwa sababu unaumwa, ukaamua uumwe ili aje. Mimi naona mama aliyemkuta mwanawe amefungwa kichwani kwa kamba aliyomfunga mwenyewe, anavuka mpunga wote ule ili amfungue. Anakufungua, anapumzika, anaondoka. Wewe unaamka unajifunga tena. Kesho anavuka tena na kanga imelowa. Umemfanyisha kazi mpaka huko aliko, na uliniambia kwamba maisha yake yote hakuwa na nafasi ya kukaa.

Basi mwachie. Kamba kuu ihamie kwenye nguzo ya dungu, Damiani avute kwa mkono, yeye anayo miwili na hasuki. Wewe suka kwa muda ambao shingo inakubali, na daktari ndiye atakayekuambia ni muda gani, ukili ukiwa mfupi mwaka huu mji hautahama. Jua likiwa juu, shuka ujilaze. Hapa nasisitiza, maana nimegundua jambo jingine kwenye barua yako: wewe na mama yako hamjawahi kulala mchana ila kwa ugonjwa, na hata ulipopona ulijilaza kungoja, si kupumzika. Mnangoja maumivu yawape ruhusa. Mimi nakupa ruhusa. Jilaze ukiwa mzima, kwenye mwanga ule ule, maji yakichezacheza darini, wala usiombe chochote.

Siwezi kukuahidi kwamba atakuja. Huenda hatakuja, nawe utalia, na kulia huko hakutakuvunja shingo. Lakini akija siku moja, katikati ya mpunga, na ukindu wake mbichi, nataka akukute kichwa wazi, hakuna cha kufungua. Aweke kiganja moja kwa moja.