Hodi Kwenye Mikorosho

Dada Somoe,

Shikamoo dada. Mguu uliojikata kwa jembe umepona? Mimi mzima, ila baridi ya huku Mbeya haina adabu. Nakuandikia wewe, siyo Mama, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kabla hujaanza kuugua. Isome mwenyewe.

Mwezi huu tunasoma magonjwa ya akili. Kabla ya kuingia wodini tunafanya mazoezi wenyewe kwa wenyewe: mmoja anajifanya mgonjwa, wenzake wanamhoji. Nilijitolea kuwa mgonjwa, nikakuigiza wewe. Nilijifunga kanga, nikaenda kiti hadi kiti, kama wewe unavyokwenda mkorosho hadi mkorosho hapo Marambo, nikipiga hodi, nikisubiri, nikitabasamu, nikihamia kingine. Darasa zima lilishika mbavu. Niliweza kwa sababu nilishazoea. Nikiwa darasa la nne niliwaigizia wenzangu mwendo huohuo nyuma ya nyumba yetu. Siku moja ulitukuta, ukanipigia makofi.

Mwalimu wetu, daktari mmoja mama mtu mzima, aliniuliza, "Mgonjwa huyu umemwona wapi?"

Nikamjibu, "Kwenye filamu, daktari."

Kisha msichana mmoja mkimya wa kundi letu akavuta kiti karibu yangu, akasema taratibu, "Dada, ukipiga hodi, nani anakuitikia?"

Miaka kumi na minne unapiga hodi shambani kwetu. Marehemu Baba alikufungia ndani. Mama alikusomea dua, akakupeleka kliniki Nachingwea. Mjomba alisema, "Mwacheni huyo, kashazoeana na mikorosho yake." Mimi nilikucheka. Hakuna aliyekuuliza. Wenzangu walidhani kimya changu ni sehemu ya igizo, wakapiga makofi. Nikapata alama za juu kuliko wote, na mwalimu akaandika kwamba nina moyo wa kuwaelewa wagonjwa.

Sasa wakiniona kantini wanapaza sauti, "Hodi!" Nami naitikia, "Karibu!" Tunacheka wote.

Mama alinipigia simu, akasema umeshafunga nguo zako kwenye mfuko, unataka kuja kuniona. Nilimwambia chuo hakiruhusu wageni. Nilimdanganya, maana wageni wanakuja kila Jumapili. Usije, dada. Ukipiga hodi mara moja tu watajua igizo langu nimelitoa kwako. Kitabu kinasema ugonjwa wako si aibu, na kwenye mtihani nililijibu hilo vizuri sana. Lakini nakuonea aibu vilevile.

Nisalimie Mama, mjomba wa mashine ya kusaga, na binti wa shangazi anayekusuka nywele.

Alhamisi naigiza tena kwa kundi jingine, mwalimu ameniomba, na swali lile linaweza kurudi. Basi niandikie: nani anakuitikia? Sijui nauliza kwa sababu nakupenda, au kwa sababu sitaki kukosa jibu mara ya pili.

Mdogo wako,
Issa