Tata, Nilikuambia Nimepita

Tata,

Ni mimi Muriithi, yule mtoto wa dada yako uliyemlea, wa mdomo mrefu. Leo nakuandikia kwa kalamu, kwa mwandiko ule wewe ulisema unafanana na shamba lililoparuliwa na kuku. Kwa hivyo ujue jambo ni zito.

Kijiji chetu cha Giakanja ni kile kile. Ng'ombe wako amezaa ndama jike. Binti yako Wairimu amechukua kibanda chako sokoni, na anakaripia wateja kukushinda. Mimi nami bado naletewa simu nizitengeneze. Network ikipotea, watu wanakuja mpaka mlangoni: "Injinia, rudisha!" Si wewe uliwaambia kijana yako ndiye wa network? Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki, na unanijua, mimi hucheka hata matangani.

Nilipomaliza college pale Nyeri, mwalimu wetu wa mitandao alinikalisha chini. Akasema diploma peke yake haitoshi, nitafute cheti, na nianze na kile kidogo cha msingi, kisichofungamana na kampuni yoyote: nyaya, anwani, swichi, ruta, na namna ya kujua kwa nini kitu kimekataa. Mimi, nianze na kidogo? Mimi niliyebebea Wajerumani mizigo ya kupanda mlima kule Naro Moru likizo nzima, ninayejua kusema "polepole" kwa lugha nne? Nikachagua kile kikubwa cha kampuni ya ruta, cha watu waliokwisha kufanya kazi miaka. Na huko mlimani ni mimi niliyekuwa nikizuia wageni: lala kambi ya chini kwanza, kichwa kizoee, ukikimbia utatapika. Ushauri mzuri sana. Niliwapa Wajerumani wote, nikajinyima mwenyewe.

Wewe uliniamini. Ukichambua maharagwe unaniuliza rangi za nyaya nane za ndani ya kebo ya mtandao mpaka ukazijua kuliko mimi. "Baada ya kijani-nyeupe ni gani?" "Bluu, Tata." "Hiyo bruu naipenda." Halafu ukanifumia kofia ya sufu, mistari minane, kwa mpangilio wake, kuanzia chungwa-nyeupe hadi kahawia. Tetu nzima ni mimi tu niliyekuwa natembea na kebo kichwani.

Siku ya mtihani ulinipigia shati pasi, ukaning'arishia viatu kwa mkono wako. Nikafika kwenye lile jengo. Kwenye kioo nikaona watu wametulia mbele ya kompyuta. Nilikuwa nimesoma nusu ya kitabu, na hiyo nusu sikuielewa. Nikapita ule mlango kama mtu anayeenda kununua mkate. Nikarudi. Nikapita tena.

Ukapiga simu. "Muriithi, umepita?"

"Nimepita, Tata."

Na kweli nilikuwa nimepita. Mara mbili. Nje.

Nilijiona mjanja. Nikajiambia sijadanganya, nimechagua neno tu, na nitarudia mtihani kabla hujajua. Lakini Jumapili ukasimama kanisani, mkono juu: "Kijana yangu amepita!" Watu wakapiga makofi, wewe ukalia. Na mimi nikawapungia mkono, Tata. Nikawapungia kama mwanasiasa.

Kisha kifua kikakushika. Hata hospitalini ulikuwa unawaambia wauguzi, "Huyu ni injinia, msimuone hivi." Nilikaa kwenye kile kiti kando ya kitanda, na maneno yalikuwa hapa, kwenye meno. Nikakuuliza kama unataka uji.

Kwenye mazishi Wairimu akasoma maisha yako mbele ya watu: "Alilea injinia wa mitandao mwenye cheti." Niliangalia viatu. Vilikuwa ni vile vile ulivyoning'arishia.

Miezi ikapita ndipo nikamwambia Wairimu. Alikuwa anapanga viazi. "Ati ulipita? Ulipita wapi, kwa mlango?" Akacheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi kweli. "Mama alisimama kanisani kwa sababu yako. Basi rudi huko, na safari hii uingie."

Nikachukua kile kidogo, Tata. Cha msingi. Nikasoma kurasa zote, hata zile ambazo zingenichekesha zamani kwa urahisi wake, na hazikuwa rahisi. Jana nikaingia. Msichana wa mlangoni akanivua kofia, ati ni sheria. Nikamwambia chukua tu, mpangilio umebaki ndani. Hakucheka. Wewe ungecheka. Swali la rangi likaja kweli, na nikakusikia: bruu. Nikafuta macho, msimamizi akanikazia yake akidhani naiba mtihani.

Nimefaulu. Naandika hilo neno la vitabuni makusudi, kwa sababu halina njia ya kupitia nje.

Lakini ulienda ukijivunia kitu ambacho hakikuwepo. Cheti hiki hakifiki huko kwako, na hakifuti kile cha mdomo nilichokupa. Nisamehe. Sijui msamaha unaombwaje kwa mtu ambaye hawezi hata kunirushia kijiko kama zamani.

Jumapili hii nitasimama pale pale uliposimama. Nitavua kofia, niseme Tata hakudanganya kanisa, ni mimi niliyemdanganya Tata. Watacheka. Wengine watanuna. Lakini sitawapungia mkono.

Lala salama, Tata wangu. Na nikifika kwenye mlango wa kanisa, nakuahidi, nitaingia.

Muriithi wako