Kibuyu cha Mbegu cha Mama Mwanaidi

Uholanzi,
Jumapili, baada ya chai

Mama yangu,

Shikamoo. Baba naye shikamoo yake mpe akirudi machungani. Na wewe Athumani mdogo wangu unayesoma, hujambo? Soma polepole na usiruke mistari. Barua iliyopita uliruka habari ya jino langu lililong'olewa, Mama akaja kuisikia kwa shangazi. Safari hii ukiruka nitajua.

Mama, mgongo unaendeleaje? Kisima bado kina maji? Mbuzi mweupe ameshazaa? Mimi ni mzima kabisa, jino halinisumbui tena, ila baridi ya huku inanionea. Jana nilivaa soksi mbili mbili na bado vidole vikauma. Lakini leo nina furaha, Mama, furaha ya kushindwa hata kukaa. Nimeanza barua hii mara tatu, nikasimama, nikazunguka chumba, nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Sikiliza. Chuoni kwetu kulikuwa na kongamano la siku mbili. Wanafunzi wa kila nchi waliitwa walete mawazo mapya ya kutatua matatizo makubwa ya dunia: njaa, maji, misitu inayokwisha. Kila mmoja alipewa dakika kumi jukwaani, kisha maswali. Mawazo matatu yakichaguliwa, wenyewe wanarudishwa makwao msimu mmoja wakayafanye kweli. Kurudishwa makwao, Mama! Miaka mitatu sijaonja mlenda. Nilipoliona neno hilo ubaoni nilijiandikisha kabla sijajua nitasema nini.

Na yaliyosemwa huko, mtihani! Kijana mmoja anataka kuvuta jabali la barafu kwa meli mpaka nchi za jangwa watu wakapate maji. Nikasema kimoyomoyo, likifika litakuwa supu. Mwingine alileta wavu wa kukamatia ukungu, akaumwagia mvuke wa birika, maji yakatiririka kweli. Huyo nilimpigia makofi.

Zamu yangu ikafika. Mbele walikaa wazee saba wa chuo, mvi tupu. Sasa nianzeje kusema mbele ya wazee bila kuwasalimu? Nikashuka jukwaani nikaenda mmoja mmoja, mkono, goti kidogo, habari za asubuhi, habari za nyumbani. Wa kwanza alishtuka. Wa tatu akaanza kunieleza mke wake anavyoumwa kiuno, nami siwezi kumkatiza mtu mzima. Narudi jukwaani, msichana wa kushika saa ananionyesha vidole sita. Dakika nne zimekwenda kwa salamu! Ukumbi mzima ulicheka. Athumani, wewe usicheke, soma.

Basi nikaweka karatasi zangu pembeni nikasema tu nilichokiona kwako. Nikawaambia, kwetu njaa haiondoki mvua ikirudi, kwa sababu watu wameshakula mbegu. Ndiyo maana mama yangu mbegu yake haikukaa kwake. Kibuyu chake cha uwele kilikaa kwa jirani, Mama Mwanaidi, na cha Mama Mwanaidi kilikaa darini kwetu. Cha kwako watoto wakilia utakila. Cha mwenzio utakionea haya. Nikasema siku hizi biashara imefunguliwa, wenye maduka wanatuletea mbegu za pakiti mpaka kijijini kwetu Mgori, na ni nzuri, lakini pakiti iliyo nyumbani mwako nayo njaa ikibana utaikaanga. Nikamaliza kabla ya kengele. Walipiga makofi mpaka nikaona haya.

Ndipo bibi mmoja mwenye miwani kati ya wale wazee saba, mwalimu wa kilimo, akauliza, "Na anayetunza akila je?"

Ningeweza kusema haijatokea. Uongo mdogo tu, nami niko nyumbani. Lakini nilikuona wewe mwaka ule, umeshika kibuyu cha Mama Mwanaidi kimebaki nusu, unaapa kuwa ni panya, naye anakuuliza, "Panya gani huyo, mama, anayerudisha gunzi mdomoni mwa kibuyu?" Tangu siku ile hamjatunziana mbegu tena. Mnasalimiana kisimani, misibani mnapika sufuria moja, lakini kibuyu kila mtu na chake.

Panya nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Mlikuwa mkienda shambani napanda darini, nachota konzi moja, natafuna mbichi, narudisha gunzi vizuri kwa kuwa ulinifundisha kufunika vitu. Kesho yake tena. Kwanza ilikuwa njaa, halafu ikawa woga, halafu ikawa aibu, na aibu ndiyo iliyokaa miaka yote hii. Ulisemwa vibaya nikiwa nimesimama nyuma ya mlango. Nisamehe, Mama yangu. Nimelia nikiandika hapa, ndiyo maana wino umetapakaa.

Nikawaambia wote pale. "Aliyekula ni mimi, na hao mama wawili hawatunziani tena." Nikashuka nikijua safari imekufa. Mwenzangu mmoja kutoka Ethiopia akanipa chungwa, akasema, "Wewe dada, hata uongo kidogo hujui?"

Jioni majina yakasomwa. La kwanza, yule wa ukungu. La pili, la mtu nisiyemjua. La tatu, Mama, la tatu ni langu! Nilipiga vigelegele mle ndani peke yangu kama niko kwenye harusi, Waholanzi wakadhani nimeungua na chai. Yule bibi wa miwani akanishika mkono. "Hatukutumi ukaanze vijiji vingine," akasema. "Anzia kwenye nyumba mbili ulizozitenganisha. Zikikataa, urudi utuambie kuwa wazo lako limekufa."

Kwa hiyo iko mikononi mwenu, wewe na Mama Mwanaidi.

Mwambie Baba aniwekee maziwa ya mgando. Nisalimie shangazi mfinyanzi, mwalimu wangu wa darasa la saba aliyenifundisha kusimama mbele za watu, shehe wetu, na babu mfuga nyuki. Sega moja lisiguswe mpaka nifike.

Athumani, ishia hapo, kunja barua. Mama, jitande kanga mwende naye kwa Mama Mwanaidi. Yaliyobaki yasomwe mbele yake.

Mama Mwanaidi, shikamoo. Ni mimi Zaina, binti wa jirani yako. Mama hakula mbegu yako, wala hakujua nani alikula. Nilikula mimi, na mwaka ule ulipanda nusu ya shamba kwa sababu yangu. Nakuja kabla ya mvua za kwanza. Hiyo nusu nitailima mimi kwa mkono wangu, na kama una fimbo yako nayo nitaipokea, nimekosa. Lakini leo, kabla Mama hajaondoka hapo kwako, nakuomba, mpe kibuyu chako aende nacho.

Mwana wenu nyote wawili,
Zaina